Namba nisiyoijua ikiita: nipokee au niiache? Niko Mwaloni, Kirumba

mama_dagaa_Mwaloni

Wadau habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Nina jambo limenikaa kooni tangu mwezi wa pili. Kila ninayemuuliza sokoni ananijibu kwa mkato, huyu "usipokee kabisa", yule "simu ni simu, pokea". Mimi nataka mtu anieleze yeye mwenyewe anafanyaje na kwa nini.

Nina miaka 41, nauza dagaa hapa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Mzigo wangu unatoka visiwani, zaidi Ukerewe na Ukara, na wateja wangu wametawanyika: Shinyanga, Dodoma, Dar, wengine Kenya, Rwanda na Kongo. Simu yangu kuita ikaonyesha +254 au +243 si ajabu, ni mteja kapewa namba yangu na mteja mwenzake. Namba nisizozijua ndizo zinazosomesha wanangu. Hilo mlijue kabla hamjaniambia niache kuzipokea.

Upande wa pili kuna wavuvi. Anayeifahamu kazi ya dagaa anajua wanavuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikua, mitumbwi inapumzika. Giza likirudi, mdogo wangu wa kiume yuko ziwani usiku kucha. Simu yake kaifunga nailoni mbili na kamwachia mtu kambini, au imekwisha chaji, au imeshaingia maji. Akitua alfajiri anataka kuniambia mzigo ukoje, basi anaazima simu ya aliye karibu. Leo namba hii, kesho ile. Sijawahi kuwa na namba moja ya mdogo wangu ikadumu miezi sita.

Sasa kilichonikuta. Desemba nilikuwa nadaiwa 460,000 na mwenye mtumbwi mmoja wa kisiwani, mzigo ulishafika, nimeshaupima. Saa nne asubuhi ukaingia ujumbe: "Ile hela itume kwenye namba hii, ile laini nyingine ina shida." Najua, wote mmeshaupata ujumbe huo. Hata mimi nilishaufuta mara nyingi sana. Lakini siku hiyo "ile hela" ilikuwepo kweli, ipo kwenye simu yangu, inasubiri kutumwa. Nikajibu, "Wewe nani?" Haikupita dakika simu ikaita. Kijana, sauti ya haraka, nyuma yake upepo unavuma na watu wanapiga kelele kama ufukweni. "Dada, mimi kijana wa kwa mzee, mzee yuko kwenye mtumbwi, tunanunua mafuta hapa tuondoke."

Nikakaa juu ya gunia, nikaweka namba. Vidole vyangu vilikuwa na magamba, kioo kikawa hakishiki vizuri, nikafuta kwa khanga. Nikaweka kiasi. Jina likaja. Halikuwa jina la mzee, lilikuwa la mwanamke nisiyemjua. Nikaliona kabisa, nikalisoma herufi kwa herufi. Nikajiambia huyu atakuwa wakala wa pale mwaloni kwao, maana kule mtu kupokea hela kwa laini ya mwenzake ni kawaida. Nikabonyeza namba ya siri.

Saa saba mzee akanipigia kwa namba yake ile ile ya siku zote: "Mwanangu, mbona kimya?"

Nilipowapigia watu wa mtandao hela ilikuwa imeshatolewa.

Baada ya hapo nikaweka nadhiri. Namba yoyote isiyo na jina kwenye simu yangu siipokei. Miezi miwili niliishi hivyo. Nilipoteza wateja wawili ninaowajua, labda na wengine nisiowajua, lakini moyo ulitulia.

Halafu ikaja Jumanne moja ya mwezi wa pili. Mama yangu anaishi kijijini kisiwani Ukerewe, mbele ya Nansio. Asubuhi alikuwa anaanika makopa, akaanguka. Jirani akamkuta, upande mmoja haufanyi kazi, mdomo umekwenda pembeni. Yule jirani hana simu, akaazima kwa mpita njia, na namba yangu mama ameiandika kwa mkaa ukutani karibu na mlango. Akapiga. Kati ya saa tatu na saa nne alinipigia mara saba.

Saba, wadau. Nilikuwa naziona. Ya tano nikaigeuza simu kifudifudi juu ya gunia nikaendelea kumpimia mteja.

Shemeji ndiye aliyenipata, saa kumi jioni, wakati meli ya mchana imeshaondoka. Nikavuka kesho yake. Majirani ndio waliompakia mama kwenye bodaboda, mmoja amemkumbatia kwa nyuma asianguke, wakamfikisha hospitali. Yuko hai, namshukuru Mungu. Mkono wa kulia bado mzito, kijiko kinamtoka. Nilipoingia wodini aliniuliza kwa ule ulimi mzito, "Ulikuwa wapi?" Hakuwa ananilaumu, alikuwa anauliza tu. Sikuwa na jibu na mpaka leo sina.

Kwa hiyo naombeni. Nikipokea naibiwa, nisipopokea mama anaanguka sijui. Na zile zinazoandika "Namba binafsi", bila tarakimu hata moja, hizo nazo ni za nani? Zinaniita usiku, mara mbili au tatu kwa mwezi. Pia nina binti wa kidato cha tatu, simu ya nyumbani anakaa nayo yeye nikiwa sokoni. Nimwambie nini?

---

fundi_Makoroboi

Dada yangu pole sana kwa mama, na pole kwa hela. Mimi natengeneza simu na kusajili laini hapa Makoroboi, haya mambo yanaletwa mezani kwangu kila siku.

Kwanza nikuondoe hofu moja. Kupokea peke yake hakukuibii. Kwetu anayelipia simu ni anayepiga. Kuna watu wanaamini ukisema "halo" tu salio limekombwa, hapana. Hela inatoka kwa kitu utakachofanya wewe baada ya kupokea: utume, utaje namba ya siri, au ubonyeze tarakimu unazotajiwa. Hiyo ya mwisho watu hawaijui. Mtu anajifanya ni wa huduma kwa wateja, anakwambia "bonyeza nyota nyota 21 nyota, halafu namba hii, halafu reli, tukurekebishie laini". Ukifanya hivyo umehamisha simu zako zote ziende kwake. Kisha anaomba msimbo wa WhatsApp yako kwa njia ya kupigiwa, simu inamwendea yeye, na kufikia jioni ndugu zako wote wanaombwa hela kwa jina lako. Mtu akishafanyiwa hivyo namwambia abonyeze ##002#, inafuta uhamishaji wote. Namba ya huduma kwa wateja ni 100. Anayetumia namba ya kawaida ya tarakimu kumi na kusema ni wa mtandao, mkatie.

Zile za nje zinazoita mara moja na kukata ni habari nyingine. Wajapani waliupa mchezo huo jina wangiri, yaani mlio mmoja halafu kata. Sisi tumezoea kubipu, mtu akibipu tunampigia, na hapo ndipo wanapotunasa, kwa sababu ukiipigia unatozwa bei kubwa na wao wanapata mgao. Wewe unafanya biashara na Kenya na Kongo, huwezi kuzidharau namba za nje zote. Ila mteja mwenye shida ya dagaa hapigi mlio mmoja. Ataita mpaka mwisho, na ukikosa ataandika ujumbe. Usiipigie namba ya nje iliyoita mara moja, basi.

Usizitegemee sana tarakimu za mwanzo kujua mtu ni wa mtandao gani. Tangu 2017 mtu anaruhusiwa kuhama mtandao na namba yake.

Kuhusu "Namba binafsi": hata wewe unaweza kuificha yako, unatanguliza #31# kabla ya namba unayopiga. Imefichwa kwako tu, mtandao unaiona. Ukitishiwa au ukitukanwa na namba ya namna hiyo, andika siku na saa uende polisi, wao wana njia ya kuiomba.

Na ujumbe wa "itume kwenye namba hii" usiufute tu, utume kwenda 15040. Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo iliyoiweka namba hiyo, laini ya tapeli inafungiwa. Halafu bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Laini zisizo na alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 2020, lakini tapeli hasajili kwa kidole chake. Anatafuta bibi wa watu, anamwambia kidole hakijasoma, weka tena, na hapo zimetoka laini mbili. Yule mwanamke uliyeona jina lake huenda hajui mpaka leo kwamba amepokea 460,000.

Namba ngeni ukitaka kujua ni ya nani, anza kumtumia shilingi 1,000, jina likija lisome, kisha futa kabla ya namba ya siri.

---

mama_dagaa_Mwaloni

Fundi asante, hiyo ya nyota 21 sikuijua kabisa, na nimebonyeza *106# sasa hivi, ziko laini zangu mbili tu. Lakini kaka yangu, jina nililiona. Nimeeleza hapo juu. Jina lilikuja, nikalisoma, nikatuma hivyo hivyo. Kuangalia jina kulinisaidia nini?

---

fundi_Makoroboi

Dada, umeuliza swali la haki. Jina linasaidia kama ulishajua ni jina gani lazima lije. Wewe ulikuwa hujui, ndiyo maana lolote lililokuja ulilitafutia sababu. Hata mimi ningelitafutia.

---

mstaafu_Nyegezi

Mwanangu, pole. Mimi nilifundisha shule ya msingi miaka 34, sasa niko nyumbani Nyegezi. Msimamo wangu utauona mkali.

Namba iliyofichwa sipokei. Mtu anayekuja mlangoni kwangu amejifunika uso simfungulii, ataniambia yeye nani kwanza. Namba ngeni inayoonekana napokea, lakini sisemi jina langu. Nasema "Shikamoo" au "Habari" kisha nanyamaza. Anayenijua ataniita Mwalimu. Asiyenijua ataanza kunichunguza, "naongea na nani?", nami namuuliza, "Wewe umempigia nani?" Swali hilo limewashinda wengi.

Nimefika hapo kwa kuumia pia. Mpwa wangu alikopa kwenye programu ya simu, hii mikopo ya dakika tano, akaruhusu isome namba zote za kwenye simu yake. Alipochelewa kulipa wakaanza kutupigia sisi. Mimi, mama yake, mchungaji wake, mpaka mwajiri wake. Kila siku namba mpya, nyingine zimefichwa. Binti wa watu ananiambia mimi mzee, "Wewe ndiye mdhamini wa mwizi." Sijawahi kudhamini mkopo wowote. Nilikaa wiki tatu sitaki hata kuiona simu, ikiita moyo unanienda mbio, na mimi nina presha. Mke wangu ndiye aliyekuwa anapokea.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Nilimsomea mpwa wangu orodha hiyo yote, moja moja, mpaka tukaikuta ile yake. Na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kuchukua majina ya ndugu wa mtu na kuwafanya fimbo si haki hata kidogo.

Nakwambia haya kwa sababu binti yako ni wa kidato cha tatu. Wezi wa hela ni kundi moja tu la wanaopiga. Wapo wanaopiga kumtia mtu aibu, wapo watu wazima wanaopiga kutafuta sauti ya mtoto wa kike jioni akiwa peke yake. Asitaje jina lake, asitaje yuko na nani nyumbani, asiseme "mama hayupo". Aseme, "Mama ana kazi, acha ujumbe." Akiulizwa zaidi akate. Mwambie kabisa kukata simu ya mkubwa namna hiyo si utovu wa adabu. Watoto wetu tumewalea wasimkatie mkubwa maneno, na wabaya wanalijua hilo.

---

nesi_wa_zamu

Mama, mimi ni nesi katika moja ya hospitali za hapa mjini. Siitaji, si kazi yake kuingia kwenye mazungumzo haya. Nimesoma ya mama yako nikaona nisipite.

Sisi ndio tunaopiga hizo namba ngeni. Mgonjwa analetwa na bodaboda au na polisi, hana fahamu, tunapekua mfuko tunakuta kikaratasi kina namba tatu. Simu ya wodi ina foleni, au iko ofisini kumefungwa, basi nesi anatoa simu yake mwenyewe na salio lake mwenyewe. Nimeshapiga namba moja mara kumi na moja usiku mmoja. Haikupokelewa. Asubuhi mwenye namba akapiga, "Nimekuta simu zako, wewe nani?" Ikabidi nimwambie habari niliyokuwa nayo asubuhi, siyo ile niliyokuwa nayo usiku. Sitaki kuieleza zaidi.

Kwa hiyo kwangu mimi, namba moja ikirudia mara tatu mfululizo, pokea. Tapeli ana namba nyingi za kujaribu, hakung'ang'anii wewe. Anayerudia namna ile mara nyingi ana jambo lake na wewe. Na ikianza na 028 hiyo ni simu ya mezani ya kanda yetu hii ya ziwa, mara nyingi ni ofisi.

Lakini matapeli wanatuigiza na sisi, hilo nisilifiche. "Mwanao ameanguka shuleni, yuko kwetu, tuma 150,000 ya dripu haraka." Tofauti yake ni hapa: nesi wa kweli atakwambia njoo, na atakwambia wodi gani. Atakuuliza mgonjwa ana kisukari? Ana mzio wa dawa? Mara ya mwisho alikula saa ngapi? Tapeli hana haja ya kujua kama mwanao ana kisukari. Na kwenye hospitali za serikali hela hailipwi kwenye namba ya mtu, unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile watu wanaiita kontro namba, na risiti inatoka. Mtu akikutajia namba ya simu ya kutuma hela ya matibabu, kata, halafu mpigie mwalimu wa darasa au jirani.

Mama yako anafanya mazoezi ya mkono? Mpe mpira laini au soksi iliyokunjwa aminye asubuhi na jioni, na asiache dawa za presha hata akijisikia mzima. Mkono huwa unarudi taratibu kuliko mguu, msikate tamaa.

---

binti_wa_Ukara

Mimi nitaandika kidogo.

Kwetu ni Ukara. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Bwisya kwetu kikitokea Bugolora, Ukerewe, mimi nilikuwa Mwanza, nafanya kazi za ndani. Ilikuwa siku ya gulio, kivuko kilijaa. Watu zaidi ya 200 walikufa. Wote mnakumbuka.

Mchana ule nilianza kupigiwa na namba nisizozijua. Waliotoka majini simu zao zilikuwa zimekufa, waliokuwa ufukweni walikuwa wanapokezana simu chache zenye chaji. Kila simu niliyopokea ilikuwa na sauti tofauti na jina la mtu tofauti: fulani ameonekana, fulani bado. Shangazi yangu nilipewa habari zake na mwanaume ambaye mpaka leo simjui. Alisema tu, "Wewe ni wa kwa bibi wa karibu na kanisa? Shangazi yako tumempata, njooni." Akakata, maana kulikuwa na mtu mwingine anasubiri simu. Hatukumpata mzima, lakini tulimzika sisi wenyewe, kwetu, na tulijua ni yeye.

Niliipiga ile namba baada ya wiki kutaka kushukuru. Haikupatikana tena.

Tangu siku ile napokea zote, hata iliyofichwa. Nikikuta ni mtu wa ovyo nakata. Kukata ni sekunde moja.

---

mstaafu_Nyegezi

Binti yangu, poleni sana. Nimekusoma mara mbili. Iliyofichwa bado sitaipokea, lakini sitamwambia mtu mwingine asiipokee.

---

mama_dagaa_Mwaloni

Wapendwa wote asanteni. Nimechelewa kurudi kwa sababu giza liliingia, mzigo ulikuwa mwingi, na Jumamosi nilivuka kwenda kumwona mama. Nawaeleza nilichofanya.

Neno la fundi, kwamba lazima nijue jina kabla halijaja, ndilo lililonilaza macho. Nimenunua daftari jipya, la jalada gumu. Kila ninapokubaliana mzigo na mwenye mtumbwi, tukiwa bado tunaongea kwa namba yake ninayoijua, namuuliza hela itakwenda kwa jina nani, naandika: tarehe, ndoo ngapi, bei, jina. Nimewaambia wote kumi na wawili ninaofanya nao kazi: jina lisilo kwenye daftari halipati hela yangu, hata ukinipigia unalia, hata mtumbwi ukiwa unaondoka. Mmoja alinuna, akaniona nimemfanya mwizi. Yule mzee wa Desemba alinielewa haraka, na yeye kaanza kuwaandikia hivyo hivyo wanaomnunulia. Zile 460,000 nilizilipa mara ya pili, kwa awamu tatu, hakunidai riba.

Sasa simu ikiita napokea, kwa sababu najua kwenye simu sitoi hela. Wiki ile ile kijana mwingine kanipigia, maneno yale yale, "mzee yuko kwenye mtumbwi". Nikamuuliza, "Jina gani nimeliandika?" Akakata. Mikono ilinitetemeka baadaye, lakini nilipokuwa naongea haikutetemeka.

Zinazorudia mara tatu napokea hata nikiwa napima. Mteja atasubiri. Dada nesi, hilo nimelichukua kwako lote kama lilivyo. Iliyofichwa mchana napokea, na nafanya kama Mwalimu, nanyamaza mpaka aseme. Usiku nimeamua siipokei isipokuwa ikirudia. Hapo sijui kama niko sawa, lakini nahitaji kulala, saa kumi niko sokoni.

Binti nimemkalisha tukasomeshana maneno ya Mwalimu. Nilijifanya mimi ndiye napiga, nikamuuliza, "Mama yupo?" Mara ya kwanza akajibu, "Hapana, yuko Mwaloni." Tukarudia. Mara ya nne akasema, "Mama ana kazi, acha ujumbe," na akakata bila kuniaga. Nikamkumbatia.

Kwa mama nimefanya hivi. Nimemnunulia yule jirani kitochi, cha betri inayokaa siku tano, na nimemsajilia laini yeye mwenyewe kwa kidole chake mwenyewe, tulikwenda naye mpaka Nansio. Nilitazama kidole kikiwekwa mara moja tu, sikubandua macho. Pale ukutani karibu na mlango namba yangu ilikuwa inafutika, mkaa unachuja. Nimeiandika upya kwa rangi ya mafuta, na chini yake ya mdogo wangu, ya shemeji, na ya binti.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka ananitazama, soksi mkononi, anaminya. Akaniambia saba naiandika vibaya, inafanana na moja. Nikairudia.

Namba ya yule mpita njia aliyemwazima jirani simu siku ile bado ninayo, zile simu saba hazijafutika. Nilimpigia Jumapili jioni nikiwa bado kule. Hakupokea. Nikapiga tena, hakupokea, namba yangu kwake ni ngeni. Nikamwandikia ujumbe: mimi ni mtoto wa yule mama aliyeanguka, nakushukuru, niko hapa mpaka kesho asubuhi. Alikuja usiku na taa ya mkononi, ni kijana tu wa kubeba mizigo bandarini. Nimeseivu namba yake.